Kamera kuukuu: Ya springi huugua, ya umeme hufa ghafla

JE, msomaji, nyumbani kwenu kuna kamera ya zamani? Pengine ni ile ya marehemu babu iliyowekwa juu ya kabati ndani ya mfuko wake wa ngozi, au ile aliyoinunua baba siku za ujana wake. Au labda umeona kamera kama hiyo ikiuzwa kwa bei ya chini, ukaitamani, kisha ukajiuliza: Je, bado inafanya kazi? Na ikiharibika, ni nani atakayeitengeneza?

Maswali hayo yamerudi kwa nguvu miaka ya karibuni. Simu za mkononi zilipoanza kupiga picha, kamera za filamu zilisukumwa pembeni na wengi wakadhani zimekwisha. Lakini vijana wamezirudia, na hata viwanda vimelitambua jambo hilo. Mwaka 2022 kampuni ya Leica iliirejesha sokoni kamera yake ya M6 iliyotoka mara ya kwanza 1984. Mwaka 2024 ikazinduliwa Pentax 17, kamera mpya kabisa inayotumia filamu. Filamu zenyewe hazijatoweka. Za Kodak zingali zinatengenezwa mjini Rochester, Marekani, na za Ilford huko Uingereza.

Kamera mpya ya filamu, hata hivyo, ni ghali mno kwa mwananchi wa kawaida. Atakayetaka kupiga picha za filamu itambidi arudi kabatini. Ndiyo maana ni vyema ujue ni kamera ipi ya kale unayoweza kuitegemea, ipi inayostahili pesa za fundi, na ipi uiache ipumzike.

Usiufungue mgongo wake

Kabla ya jambo lolote lile, tafadhali usiufungue mgongo wa kamera hiyo. Inawezekana ndani mna filamu ambayo haikumalizika. Mwangaza ukiingia, picha zote zilizo wazi zitaungua mara moja, na huenda miongoni mwazo ni picha ya mama yako akiwa msichana au ya ndugu aliyekwisha kufariki. Picha hiyo haina bei, na haitapigwa tena.

Njia ya kujua ni rahisi. Kwa kamera nyingi za mkono, upande wa kushoto juu kuna kinobu kidogo cha kurudishia filamu. Kizungushe taratibu kufuata mshale uliochorwa hapo. Kikizunguka bure bila kuvutwa, huenda hamna filamu. Ukihisi kinakaza, simama hapo. Bonyeza kitufe kidogo kilicho chini ya kamera, kisha endelea kuzungusha bila haraka mpaka uhisi filamu imeachia na kinobu kimelegea. Hapo ndipo ufungue. Kama bado una shaka, ufungulie mgongo katika chumba chenye giza totoro na upapase kwa vidole.

Filamu nyeusi na nyeupe hustahimili miaka mingi kuliko ya rangi, lakini zote mbili zinaweza kutoa kitu. Ukikuta imeandikwa Kodachrome, jua kwamba dawa za kuiosha kwa rangi hazipatikani tena. Maabara ya mwisho duniani iliyoiosha, katika jimbo la Kansas, Marekani, ilipokea filamu za mwisho Desemba 2010. Wako mafundi wachache ng'ambo wanaoweza kuitoa kwa rangi nyeusi na nyeupe pekee. Kwa hivyo usiitupe.

Koo mbili za kamera

Kamera za zamani ni nyingi na majina yake ni mengi, lakini kwa habari ya kuharibika na kutengenezwa unaweza kuzigawa katika koo mbili. Ili uelewe tofauti yake, ni lazima kwanza ujue shata ni nini.

Ndani ya kamera nyingi za kubadilisha lenzi, mbele ya filamu, kuna mapazia mawili madogo. Unapobonyeza, pazia la kwanza hukimbia na kuacha mwangaza uifikie filamu, kisha la pili hulifuata na kufunga. Muda unaopita kati ya la kwanza na la pili ndio kasi ya shata. Ukiweka 1/500, maana yake ni kwamba mwangaza utaifikia filamu kwa sehemu moja kati ya 500 za sekunde.

Sasa swali ni hili: Nani anayepima muda huo? Katika ukoo wa kwanza ni springi na magurudumu madogo ya meno, mfano wa saa ya mkono ya kutia ufunguo. Katika ukoo wa pili ni umeme wa betri, saketi na visumaku vidogo vinavyoyashika mapazia na kuyaachia.

Katika ukoo wa springi kuna kamera kama Zenit E ya Urusi, Pentax K1000 iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, na Nikon FM2 iliyotoka 1982 ikiwa na kasi ya kufikia 1/4000. Zenit E haitumii betri kamwe, kwa sababu kipima mwanga chake huzalisha umeme wake kutokana na mwangaza wenyewe. K1000 na FM2 hutumia betri kwa kupima mwanga tu. Ukiitoa, shata itaendelea kufanya kazi kwa kasi zote.

Katika ukoo wa umeme, maarufu zaidi ni Canon AE-1 ya 1976, iliyokuwa miongoni mwa kamera za kwanza kutiwa ubongo wa kompyuta. Betri ikiisha, AE-1 haifanyi lolote. Nikon FE ya 1978 nayo ni ya umeme, ila waliyoibuni waliiwekea akiba: betri ikifa hukubakishia kasi moja ya 1/90 pamoja na ile ya kuiacha wazi kwa muda utakao.

Ya springi hudanganya

Wazee wa kazi hii hupenda kusema kwamba kamera ya springi haifi. Kuna ukweli katika jambo hilo, lakini ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki imewagharimu watu picha za harusi.

Kamera ya springi huugua polepole bila kulalamika. Grisi iliyotiwa kiwandani miaka 40 au 50 iliyopita hukauka ikawa kama gundi. Springi huchoka. Vumbi letu jekundu hupenya. Lakini ukibonyeza bado utasikia mlio ule ule, nawe utadhani mambo ni shwari. Kumbe pale ulipoweka 1/500 shata inatoa 1/250, na filamu inapata mwangaza maradufu. Ukiweka sekunde moja, pengine itafunguka na kukwama. Katika kasi za juu, mapazia yasipokimbia sawasawa, upande mmoja wa picha hutoka na giza na mwingine na mwangaza.

Faida yake ni kwamba ugonjwa huo una dawa. Fundi hodari huifungua, huosha magurudumu, hupaka mafuta mapya kidogo sana mahali panapostahili, na kurekebisha mvutano wa mapazia. Hahitaji kipuri chochote kutoka Japani. Kamera iliyofanyiwa hivyo huweza kukaa miaka mingi tena.

Ya umeme husema kweli, kisha hufa

Kamera ya umeme ina tabia nyingine kabisa. Saketi ikiwa nzima, muda wake kwa kawaida ni sahihi hata baada ya miaka 40, kwa sababu aupimaye hachoki kama springi. Katika hili huishinda ya springi ambayo haijaguliwa na fundi. Lakini siku saketi itakapoungua, imekwisha. Saketi hizo zilitengenezewa aina moja tu ya kamera, na viwanda viliacha kuzitoa zamani. Njia iliyobaki kwa fundi ni kuitoa saketi katika kamera nyingine ya aina hiyo hiyo iliyoharibika mahali pengine.

Hata hivyo usiharakishe kuizika. Si kila kamera ya umeme iliyonyamaza imekufa kwa umeme. Mara nyingi ni betri mbovu au kutu katika mahali pa kuigusanisha. Nyakati nyingine ubovu ni wa kawaida tu, kama wa springi. Canon AE-1 nyingi, kwa mfano, hutoa mlio kama kikohozi au mlango usiopakwa mafuta kila zinapopiga picha. Huo ni ukavu wa mafuta katika magurudumu ya kioo cha ndani, na fundi anayeijua huutibu kwa tone la mafuta bila kuifumua kamera yote. Yashica Electro 35, iliyoanza kutoka 1966, ina kipande kidogo cha mpira ndani ambacho huoza na kuvuruga kazi ya shata. Kikibadilishwa, kamera hufufuka.

Taabu ya betri

Jambo lingine linalowachanganya wengi ni betri za zebaki. Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970, kama Olympus OM-1 iliyobuniwa na Yoshihisa Maitani, zilitengenezewa betri ya zebaki yenye nguvu ya volti 1.35. Betri hizo ziliondolewa sokoni kwa sababu zebaki ni sumu. Marekani ilizipiga marufuku kwa sheria ya 1996, na nchi nyingine zikafanya vivyo hivyo.

Ukitia betri ya kawaida ya volti 1.5 inayolingana kwa umbo, kamera itapokea, lakini katika aina nyingi kipima mwanga kitadhani kuna mwangaza mwingi kuliko uliopo, na picha zitatoka na giza. Baadhi ya kamera, kama Pentax Spotmatic ya 1964, zina saketi isiyojali tofauti hiyo. Kwa zilizobaki unaweza kutumia betri za vifaa vya kusaidia kusikia, ambazo zina karibu volti 1.4, ingawa hudumu miezi michache tu. Njia nyingine ni kupima mwanga kwa simu yako, kwani ziko programu za kazi hiyo, kisha kuiweka kamera kwa mkono. Kipima mwanga kikifa, kamera ya springi haijafa.

La muhimu zaidi, msomaji, ni hili: Usiiweke kamera kabatini ikiwa na betri ndani. Betri huvuja, na maji yake hula chuma na nyaya. Ukikuta ukoko mweupe au wa kijani, chovya pamba kidogo katika siki, ufute taratibu, kisha ukaushe. Na kama una Pentax K1000, kumbuka kwamba haina swichi ya kuzimia kipima mwanga. Kifuniko cha lenzi ndicho swichi yake, kwa hivyo kifunike kila umalizapo.

Maadui wa kabatini

Kinyume cha tunavyofikiri, kamera isiyotumiwa huharibika haraka kuliko inayotumiwa. Kwa wakazi wa Pwani na kandokando ya ziwa, adui mkubwa ni unyevu. Huo huzaa kuvu ndani ya lenzi, inayoonekana kama nyuzi za buibui. Ikigunduliwa mapema husafishwa, lakini ikikaa hula utando ulio juu ya kioo, na hapo hakuna fundi awezaye kuurudisha.

Ule mfuko wa ngozi unaopendeza ndio nyumba ya kuvu, kwa sababu hunyonya maji na kuyahifadhi. Ni bora uiweke kamera katika kopo la plastiki linalofunga barabara, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu au vyombo vya umeme. Vianike au uvibadilishe mara kwa mara.

Adui wa pili ni sponji nyeusi zinazozunguka mlango wa nyuma ili kuzuia mwangaza. Baada ya miaka mingi huyeyuka zikawa kama lami. Dalili yake ni michirizi ya rangi nyekundu au ya machungwa juu ya picha. Kuzibadilisha ni kazi ndogo na ya gharama ndogo, nayo si sababu ya kuitupa kamera.

Adui wa tatu ni mwenye kamera mwenyewe. Wapo wanaopulizia mafuta ya kulainisha bawaba za mlango ndani ya shata ili iache kukwama. Mafuta hayo huenea hadi kwenye mapazia na vipande vya tundu la lenzi, na kazi ya fundi huwa maradufu. Vile vile usiguse mapazia kwa kidole.

Uchunguzi wa dakika 10

Ukishahakikisha hamna filamu, fungua mgongo na uielekeze kamera kwenye dirisha lenye mwangaza. Anza na sekunde moja, ukitazama saa. Shuka kasi moja baada ya nyingine, ukisikiliza. Kila kasi inapaswa kuwa fupi kuliko iliyotangulia. Katika kasi ya juu kabisa, dirisha lote lapaswa kumeta sawasawa. Ukiona upande mmoja una giza, mapazia yamechoka.

Pili, fungua tundu la lenzi na kulifunga. Vipande vyake viwe vikavu na vichangamfu. Vikiwa na mafuta vitachelewa. Tatu, angaza tochi kupitia lenzi utafute kuvu. Nne, kagua mahali pa betri na sponji.

Mwisho, nunua filamu moja ya 100 ya kujaribia. Siku ya jua kali mchana, mwangaza ukiwa nyuma yako, piga kitu kimoja mara nne: 1/125 na tundu la 16, kisha 1/250 na 11, kisha 1/500 na 8, kisha 1/1000 na 5.6. Andika kila moja katika daftari. Hesabu ya mwangaza ni ile ile katika zote nne, kwa hivyo negativu zinapaswa kulingana kwa weusi. Ikiwa moja imepishana sana na nyingine, umeijua kasi inayokudanganya, na unaweza kuiepuka hata kabla ya kwenda kwa fundi.

Usikubali kwa vyovyote kupiga harusi au ubatizo wa mtu kwa kamera ambayo haijajaribiwa hivyo. Bwana na bibi arusi hawatarudi kanisani kwa sababu ya springi iliyochoka.

Ukienda kwa fundi

Mafundi wa kamera wamekuwa adimu. Wengi waliojifunza kazi hiyo enzi za filamu wamezeeka au wamegeukia simu na kompyuta. Ukimpata, muulize maswali machache kabla ya kumwachia mali yako. Je, ana kifaa cha kupimia kasi ya shata, ama hukisia kwa sikio? Amewahi kuifungua kamera ya aina hii? Atakurudishia vipande alivyovitoa? Na je, ana bisibisi zinazofaa? Skrubu za kamera za Kijapani zina msalaba ulio tofauti kidogo na bisibisi za dukani, na asiyejali huziharibu vichwa. Itazame kamera vizuri kabla hujaiacha: skrubu zilizochubuka ni dalili kwamba kuna mtu aliyeifungua awali bila vifaa.

Elewaneni pia juu ya kazi yenyewe. Sevisi kamili ni kufungua, kusafisha, kupaka mafuta, kurekebisha kasi, na kubadilisha sponji. Kupangusa vumbi la nje si sevisi.

Itengenezwe au ipumzishwe?

Ikiwa kamera yako ni ya springi, mapazia hayajatoboka na lenzi haina kuvu iliyokomaa, pesa utakazomlipa fundi hazitapotea. Ikiwa ni ya umeme na inafanya kazi, itumie kwa furaha, lakini usiwe na hiyo peke yake siku ya kazi muhimu. Ikiwa ni ya umeme na imenyamaza, jaribu betri mpya na usafishe mahali pa kuigusanisha, kisha mwonyeshe fundi. Akikuambia ni saketi, usimshurutishe. Tafuta mwili mwingine wa aina hiyo hiyo ulio mzima, uhamishe lenzi yako huko, na ile ya zamani uihifadhi kwa vipuri.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mbachao nao hukunjuliwa, hukung'utwa na kuanikwa. Mara moja kila mwezi itoe kamera yako, ubonyeze shata kwa kasi zote, uzungushe lenzi, na usiirudishe kabatini springi ikiwa imevutwa. Waite watoto nao wajaribu, ukiwaeleza kila kitu kinafanya nini. Siku mafundi watakapokwisha, ni wao watakaojua kwamba kamera ya babu yao haijafa, bali inahitaji tone la mafuta.